Tumbo la Jumatatu

Mwaka jana binti yangu wa miaka 11 alikuwa anaumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Tukapima minyoo, taifodi, UTI, vyote hakuna. Nikasema anadeka. Naandika hili kwa uchungu, maana mtoto alikuwa anateseka kweli: aliogopa kusimama mbele ya darasa, na hofu yote ilimshukia tumboni.

Mwanasaikolojia tuliyempata alianza kwa kuchora ngazi kwenye karatasi. Chini kabisa: kumsalimia mwalimu kwa sauti. Katikati: kwenda dukani peke yake kununua mkate na kudai chenji. Juu kabisa: kusoma mbele ya wenzake. Kila hatua anataja hofu yake ni ngapi kati ya 0 na 10, na anairudia hatua hiyohiyo mpaka hofu ipungue, ndipo apande. Siku ya mkate alitoka na 8. Alirudi kaibana sarafu ya 200 kiganjani mpaka imeacha alama, akaniambia, "Mama, sasa ni 3."

Na sisi wazazi tuna kazi yetu. Nilikuwa namjibia kwa wageni, namruhusu abaki nyumbani, nikidhani ni huruma. Kumbe kila anapokwepa, hofu inazidi kunenepa.

Matibabu haya ya ngazi yanaitwa tiba ya fikra na tabia, na mara nyingi huchukua vikao 12 hadi 16. Sisi tuko cha 9. Kusoma mbele ya darasa bado. Ila juzi alinyoosha mkono darasani, mara moja.