Siku niliyodai hela ya Part 2

Mwaka 2013 nilikuwa nasimamia wasanii wachache wa Bongo Movie, ofisi yenyewe simu na mkoba wa mikataba, mara nyingi nimekaa zangu Sinza, Dar es Salaam, namsubiri prodyuza ambae yupo kwenye foleni ya makutano ya Morocco tangu saa nne asubuhi. Kanumba, staa mkubwa wa filamu zetu, alishafariki Aprili 2012 na mimi nilivyokuwa naona, wasambazaji wa Kariakoo walikuwa wanahaha kutafuta sura za kuweka kwenye kava za DVD, maana kava likiwa halina sura inayojulikana mwenye duka alikuwa hagusi mzigo wako.

Kuna binti nilikuwa nae, kacheza filamu moja kama mke mdogo, tukasaini hela ya filamu moja, akalipwa, yakaisha. Sasa siku hiyo niko Kariakoo natafuta vitenge vya shughuli, nakuta bango la Part 1, pembeni yake Part 2, na kava la pili lote ni yeye analia. Nikamuomba muuzaji aniwekee kidogo kwenye tv ya dukani. Jamani! Gari linapiga honi, mlinzi anatoka taratibu, anafungua geti, gari linaingia, geti linafungwa, mwenye gari anashuka, anapanda ngazi moja moja, muziki unalia tu na hakuna aliyesema neno. Ndo hivyo filamu moja ilivyokuwa inazaa mbili na mteja ananunua DVD mara mbili.

Nikampigia binti, akasema "Dada achana nae tu, ntaonekana msumbufu wasiniite tena". Namuelewa, ukishasemwa una maneno mengi mjini hapa simu zinakata. Ila hapo ndo kazi yangu ilipo, yeye aende lokesheni acheke na watu, mie ndo nichukiwe. Wenzetu Marekani, pale California, wakala wa wasanii lazima awe na leseni na kawaida anakula asilimia 10, huku kwetu meneja ndo wakala, ndo dereva, ndo mbeba nguo za sini inayofuata, asilimia utajua mwenyewe.

Nikamfuata prodyuza studio kwake Kinondoni. "Dada'angu shuting ilikuwa moja, nyumba ile ile, nguo zile zile, mi nimekata tu." Nikamuuliza, msambazaji kakulipa masta ngapi, yaani nakala mama za filamu? Kimya. Nikarudia mbele ya vijana wake wa editing. Akacheka kile kicheko cha aibu, akasema mbili, ila ya pili hela ndogo, akaanza kunipigia hesabu za nauli za kruu, kodi ya nyumba, stempu za kodi za TRA, mpaka maji ya kunywa akaweka. Nikamwambia sawa kaka, kama kwako ni filamu moja basi toa sura yake kwenye kava la pili tuishie hapo. Kava zilishachapwa na mzigo uko dukani.

Akatoa nusu pale pale, nyingine akawa anatuma kwa M-Pesa vipande vipande, kila kipande na lawama zake, binti alivyoona meseji ya kwanza akanitumia vicheko tupu.

Baadae prodyuza yule yule akanipigia, ana kazi mpya na anamtaka tena. Nikamuuliza part ngapi. "Moja tu dada'angu, wallahi." Nikaandika kwenye mkataba "kwa kila part", akasaini huku ananuna.