Violoni na kiangazi cha Lubumbashi

Lubumbashi, Julai

Kiangazi kikikolea, violoni huwa ya kwanza kulalamika. Mvua zilishakatika, hewa imekauka, mbao zinasinyaa na vigingi, vile vishikio vya kukazia nyuzi, vinaachia: mwanafunzi anafungua sanduku asubuhi, nyuzi zote zimelegea. Walimu wengi huanza na upinde. Kwa huku kwetu, naona somo la kwanza lingekuwa kigingi.

Kigingi kinachoteleza hakitiwi gundi. Kinachomolewa, kinapakwa chaki kidogo ili kishike na sabuni kavu ili kizunguke, kisha kinarudishwa kwa kusukumwa ndani huku kikizungushwa. Shughulika na uzi mmoja mmoja. Ukilegeza yote minne, kijiti kilichosimama ndani ya violoni, ambacho hakina gundi bali kinabanwa tu, kitaanguka, na fundi wa kukisimamisha si wa kupatikana kila mtaa. Kila unapokaza uzi, kidaraja, kile kipande cha mbao kinachoinua nyuzi, nacho kinavutwa kuelekea vigingini. Kishike kwa vidole vya mikono yote miwili, ukirudishe taratibu mpaka upande wake unaotazama mkia, pale nyuzi zinaposhikwa chini, usimame wima. Kikiachwa kimeinama kinapinda, halafu siku moja, puu!

Sikio nalo linanolewa na nyuzi zenyewe. Kidole cha tatu kwenye uzi wa noti ya la kinatoa noti ya re. Kikitua penyewe, uzi mtupu wa re ulio jirani unatetemeka bila kuguswa na sauti inafunguka. Kikikosea kwa unene wa kucha, sauti inafifia. Ndiyo maana gamu, yaani ngazi za noti, za polepole, upinde mmoja sekunde nne, zinafaa kuliko kukimbilia mazoezi 42 ya Kreutzer, kitabu maarufu cha violoni. Vile vibandiko vya rangi vya kuonyesha mahali pa vidole vinafundisha jicho tu, vibanduliwe mapema.

Pesa za kwanza mjini ni za arusi na ibada, na huko kinanda cha kanisa ndicho kinachotoa la ya kulinganishia nyuzi, hata simu ikisema herzi 440. Anayetaka okestra, iwe ile ya Kimbanguiste, ya kanisa la Kimbangu, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1994 au za Ulaya, ana kazi nyingine. Mitihani ya Ulaya mara nyingi huomba konseto (kipande cha violoni na okestra) ya Mozart, namba 3, 4 au 5, zote za 1775, pamoja na ukurasa wa kwanza wa Don Juan, kipande cha okestra cha Richard Strauss. Konseto vijana wameikariri. Wanaanguka kwenye Don Juan, kwa kuwa inaanza kwa kupanda mbio na wao hawahesabu mapigo. Weka violoni chini, metronomu, kile kifaa cha kupiga mwendo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, piga makofi ukurasa mzima.