Madawati ya kusikilizia

Jana umeme ulikatika, nikamalizia kusoma kitabu cha John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, kwa tochi ya simu. The School and Society, cha 1899. Chembamba tu, lakini kuna kisa kimenikosesha usingizi. Dewey alizunguka madukani mjini akitafuta meza na viti vya watoto, asipate vya kumfaa. Muuzaji mmoja akamwambia: wewe unataka meza za watoto kufanyia kazi, hizi zetu zote ni za kusikilizia.

Jamani! Nafundisha darasa la nne mwaka wa kumi na moja huu, na madawati yangu yote ni ya kusikilizia.

Mzee mwenyewe hakuishia kwenye maneno. Mwaka 1896 alifungua shule ya majaribio Chuo Kikuu cha Chicago. Watoto walipika, wakashona, wakachonga mbao, na humo humo wakapata hesabu na sayansi. 1904 akahamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Democracy and Education, kitabu chake cha 1916, nimekianza mara mbili nikaishia njiani. Sentensi zake ngumu kama muhogo mkavu, Mungu amrehemu.

Basi leo nimesukuma madawati ukutani, nikaazima mizani kwa mama muuza mchele, nikaleta maharage kilo mbili za pakiti. Kelele zake! Mwalimu wa jirani alichungulia mara mbili. Halafu mtoto ambaye hajanyoosha mkono tangu Januari akasema, "Mwalimu, hii mizani inapunja."

Tukapima upya. Kweli inapunja.

Sasa sijui namrudishiaje mama mizani yake.