Ukurasa wa 49 Ambao Haukuwapo

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni hapa Iringa, nilifanya utafiti kuhusu namna vita vya Wahehe na Wajerumani vinavyokumbukwa katika vijiji vya jirani na Kalenga. Rasimu ya sura ya pili ilirudi kutoka kwa msimamizi wangu ikiwa na duara moja tu la penseli, lililozungushiwa rejea hii: (Redmayne, 1968, uk. 49).

"Mwanangu, makala hii umeisoma wewe mwenyewe?"

"Hapana, Mwalimu. Niliikuta kwenye tasnifu ya mwanafunzi mwingine."

Akanieleza kwa upole kwamba makala hiyo ya Alison Redmayne, iliyotoka katika Journal of African History, inaanzia ukurasa wa 409 na kuishia wa 436, kwa hiyo ukurasa wa 49 haumo kabisa. Aliyenitangulia alikosea tarakimu, nami nikalibeba kosa lake bila kuligusa. Niliona aibu sana, maana kuandika jina la mtu, mwaka na ukurasa ni kumwambia msomaji kuwa nimefika hapo na kujionea.

Nilinunua kauntabuku, nikachora safu nne: mwandishi, mwaka, ukurasa, na ya nne ya kuonyesha kama maneno ni ya mwandishi hasa au nimeyaeleza kwa lugha yangu. Safu hiyo ya nne ndiyo iliyonisaidia kuliko zote, kwani nilipozipitia rejea zangu moja baada ya nyingine nilikuta aya tatu nilizodhani nimezieleza upya, kumbe nilikuwa nimebadilisha maneno mawili matatu tu na kuyaacha mengine bila alama za kunukuu. Huo ni wizi wa kitaaluma, hata jina la mwandishi likiwa limetajwa.

Pale nilipokosa chanzo chenyewe nilifuata mtindo wa APA wa kuandika marejeo, toleo la 7: ndani ya matini nilimtaja mwandishi wa asili, nikaongeza "kama alivyonukuliwa na" yule niliyemsoma, na katika orodha ya marejeo nikamweka huyu wa pili peke yake. Makala ya Redmayne niliipata hatimaye kwa msaada wa mkutubi. Niliisoma kurasa zote 28, kisha nikaiandika upya ile sentensi yangu nikiwa nimeifungua makala mbele yangu.