Umetubu, lakini Umerudisha?

Dawa ya deni ni kulipa. Methali hii kila mtu anaijua, ila ikifika kwenye dhambi tunajifanya hatujaisikia. Mtu amemdhulumu mwenzake, anapiga magoti, analia, anainuka akiwa mwepesi, na aliyedhulumiwa bado hana chake mkononi.

Maandiko yametaja mpaka hesabu. Walawi 6 inamzungumzia aliyekana amana, aliyenyang'anya, na aliyeokota kilichopotea kisha akaapa kwamba hakukiona. Wote wanaagizwa jambo moja: rudisha kitu chenyewe, ongeza sehemu ya tano, mkabidhi mwenyewe. Ulichukua 1,000, unarudisha 1,200. Kutoka 22 ni kali zaidi: aliyeiba ng'ombe akamchinja au akamwuza analipa watano kwa mmoja, na kondoo wanne kwa kondoo mmoja. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alijipangia mwenyewe mara nne bila kushurutishwa na mtu. Sisemi Mkristo wa leo abebe viwango hivyo kama sheria; nasema pungufu ya kiasi kamili si kurudisha. Ile sehemu ya tano naiona kama fidia ya muda ambao mwenzako alikaa bila mali yake.

Anza na karatasi. Andika nani, nini, kiasi gani, lini. "Nimewakosea wengi" haisaidii, maana haina wa kulipwa. Humo iingie chenji iliyozidi ukanyamaza, saa ulizolipwa bila kufanya kazi, na ujira wa mtu uliouchelewesha makusudi (Yakobo 5:4 inausemea huo). Tangulia na anayeumia zaidi, hata kama ndiye unayemwogopa zaidi. Huna zote? Toa ulizo nazo, mkubaliane tarehe za zilizobaki. Mwenyewe amefariki, wape warithi wake. Wasipopatikana kabisa, wape maskini.

Watu wengi hukosea hapa: fedha ya dhuluma wanaipeleka kanisani kama sadaka, na dhamiri inatulia. Mathayo 5:23-24 inakwenda kinyume kabisa. Sadaka inaachwa pale pale mbele ya madhabahu, kwanza unakwenda kwa ndugu yako.

Ukifika kwake, sema kwa ufupi: "Nilichukua hiki, nikakudanganya, hiki hapa, naomba unisamehe." Basi. "Nisamehe kama nilikukwaza" haikiri chochote, na ukishatia "lakini" umeanza kujitetea. Wala usimdai msamaha papo hapo. Ana haki ya kukasirika siku kadhaa.

Jina la mtu ni gumu kuliko fedha, kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki. Ulichosema kilikuwa uongo? Rudi kwa masikio yale yale yaliyousikia, utamke wazi kwamba ulidanganya. Kama uliuandika kwenye kundi la simu, usahihishe kwenye kundi hilo hilo. Kuufuta ujumbe hakutoshi, walishausoma. Lakini kama kilikuwa kweli, ni siri tu uliyoitoa, huwezi kukikana, maana utaongeza uongo juu ya umbea. Hapo unakiri kwamba hukuwa na haki ya kuisema, unaacha kuieneza, na unataja mema ya mtu huyo unayoyajua kwa hakika.

Kuna wakati kujitokeza kunazidisha jeraha. Mtu uliyemwonea wivu moyoni hana haja ya kuambiwa. Unampa mzigo wako aubebe yeye. Mambo ya ndoa, au yale yanayoweza kufika mahakamani, yazungumze kwanza na mchungaji au padri mwenye busara. Kwa Wakatoliki, padri amefungwa na siri ya kitubio, yaani haruhusiwi kumwambia yeyote ulichoungama kwake, na mali inaweza kumfikia mwenyewe kwa mkono wa mtu mwingine bila jina lako kutajwa. Kinachotakiwa ni ifike, na ifike yote.