Siku moja maishani mwangu: mkaguzi wa kadi za zamani za michezo

Saa 1 asubuhi. Kabla ya kugusa kadi yoyote nanawa mikono kwa sabuni, nasubiri vidole vikauke kabisa, halafu navuta mapazia chumba kiwe na giza. Watu wakisikia nakagua kadi za michezo, zile karatasi ngumu zenye picha za wachezaji ambazo watu huzikusanya, wanadhani nashinda kutwa natazama picha. Picha naiangalia mwishoni. Macho yangu yako kwenye kingo na pembe, maana huko ndiko watu wanakofanyia mambo yao ya siri.

Kazi yenyewe ni hii: mtu ana kadi ya zamani, anataka kuiuza au ameuziwa, ananiletea nimwambie kama iko vile ilivyotoka kiwandani. Kuna zilizokatwa kingo ili pembe zionekane kali. Kuna zilizolowanishwa na kukandamizwa ili mkunjo upotee, zilizopakwa rangi, zilizojazwa pembe kwa karatasi ya kigeni. Kuitengeneza kadi si dhambi, kadi ni mali ya mtu. Kosa ni kuiuza bila kusema.

Saa 2 naanza na zile ndogo za besiboli ambazo Marekani zilitiwa ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, wakusanyaji wanaziita T206. Kumi na moja zinapita bila neno: zimechoka, zimechakaa, lakini ni za kweli. Ya kumi na mbili ina pembe tatu zilizolegea, kama unavyotarajia kwa karatasi iliyopita mikononi mwa watu zaidi ya miaka 100. Pembe ya nne imesimama wima. Naiweka chini ya taa ya urujuanimno. Karatasi ya enzi zile haina kemikali za kuongeza weupe, kwa hiyo chini ya taa hii inabaki imefifia. Ile pembe ya nne ikawaka samawati nyeupe. Mtu alilainisha karatasi ya kisasa ikawa kama uji, akaijenga pembe, akaichorea rangi juu. Kazi nzuri ya mkono, nakiri. Naandika nilichokiona, naendelea.

Saa 4 ni vipimo. Kadi za Topps, kampuni ya Marekani, tangu 1957 zinatakiwa ziwe na milimita 63.5 kwa 88.9, na kalipa, kifaa changu cha kupimia, haina aibu. Lakini kadi fupi peke yake haitoshi kuhukumu, kwa sababu visu vya kiwandani navyo havikukata sawasawa siku zote. Lazima uutazame ukingo wenyewe: je, umechakaa kulingana na umri wa kadi nzima? Kadi ambayo uso wake umekwaruzika na mgongo umekuwa kahawia, halafu upande mmoja ni mweupe na mkali kama umekatwa jana, inajisemea. Wanaoniuliza kwa nini nahangaika na nusu milimita huwa nawatajia kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa zamani, ambayo Wayne Gretzky, nyota wa hoki ya barafu, na mwenzake waliinunua kwa dola 451,000 mwaka 1991. Mwaka 2013 mnadishaji aliyeiuza huko nyuma alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo. Miaka yote hiyo ilisifiwa kwa jinsi kingo zake zilivyonyooka!

Saa 5 akaingia mzee mmoja na kadi ya mchezaji wa besiboli Roberto Clemente, ya Topps ya 1971. Kadi za mwaka ule zina kingo nyeusi, na weusi huo hubanduka kwa kuguswa tu, unaacha vidoa vyeupe. Yake haikuwa na kidoa hata kimoja. Nikahisi moyo unazama.

"Mwanangu, hii imetoka kwenye albamu ya marehemu baba moja kwa moja mpaka hapa," akasema. Baba yake alimpenda Clemente kwa vile alivyokufa, Desemba 31, 1972, ndani ya ndege iliyokuwa ikipeleka misaada Nikaragua baada ya tetemeko.

Nikaiinamisha kadi chini ya taa ya pembeni. Weusi wa kiwandani ulikuwa na mng'ao wake, ukakatika ghafla karibu na pembe ya chini kulia, na kuanzia hapo weusi ulikuwa mfu. Kwa lenzi ya mara 10 nikaona nyuzi za karatasi zimesimama pale rangi ilipokuwa imebanduka, na wino umezama katikati yake kama maji kwenye pamba. Kisha nikaisimamisha kadi nitazame unene wake. Hapo ndipo hakuna ubishi. Kiwandani wanachapa kwanza, wanakata baadaye, kwa hiyo ubavu wa kadi hubaki na rangi ya karatasi. Ubavu wa kadi ile ulikuwa mweusi kwa urefu wa ukucha.

Nikampa lenzi. Akasema taa yangu mbovu. Nikabadilisha taa. Akasema lenzi. Nikatoa kadi nyingine ya 1971 ninayoitunza kwa kulinganishia, nikaziweka ubavu kwa ubavu, akatazama kwa muda mrefu. Halafu akaanza upya habari ya albamu. Mara ya tatu, mara ya nne. Akataka niandike tu kwamba imechakaa. Nikamwambia, "Mzee wangu, hilo siwezi." Akataka kuupangusa wino kwa spiriti palepale mezani, nikamshika mkono: spiriti ingeyeyusha wino uzidi kuzama, na ingeondoka na rangi ya kiwandani pia.

"Kwa hiyo baba yangu alikuwa mwongo?"

"Hapana, Mzee. Karatasi hainiambii ni nani. Inaniambia wino huu ulikuja baada ya kadi kukatwa, basi."

Aliondoka bila kuaga. Cheti hakukisubiri, na kadi akaibeba kifuani.

Chakula nilikila kimepoa, sikumbuki saa ngapi. Mchana ukawa wa mikunjo: kuinamisha kadi, kuizungusha, kusubiri mwanga uudake mstari ambao mtu aliupiga pasi. Kuna kadi ya Gretzky ya 1979, ya kampuni ya Kanada iitwayo O-Pee-Chee, ambayo ukingo wake wa kiwandani ni wa kuparuza, na mtu kaunyoosha kwa wembe akidhani anaisaidia. Hiyo iliniuma. Shingo inakaza, macho yanawasha, na macho yakichoka naacha kabisa kutoa uamuzi, maana kumwambia mtu kadi yake imeguswa wakati haijaguswa ni dhuluma vilevile.

Giza limeingia nikakaa kuandika cheti cha Mzee. Niliandika: "Wino mweusi umeongezwa ukingo wa chini, upande wa kulia, takriban milimita 14, na umevuka hadi ubavuni. Kadi haijakatwa. Haijakandamizwa. Picha na mgongo havijaguswa." Sentensi tatu za mwisho hakuniuliza, lakini nazo ni kweli. Nikakitia kwenye bahasha, nikaandika jina lake, nikaiweka karibu na mlango.