Ulilipa Uone, Mbona Hukuona?

Mezani tulikuwa watano: mimi, shangazi, binamu yangu ambaye ni mwanawe, shemeji yangu, yaani kaka wa mke wangu, na rafiki yangu mmoja wa kazini. Hatukucheza kwa fedha. Kila mtu alianza na chipu 200 za plastiki, na zikikuishia unageuka mtazamaji mpaka mchezo uishe. Miaka imepita, lakini kuna mgao mmoja wa usiku ule ninaoukumbuka karata kwa karata.

Poka tuliyocheza ni ile ya Texas. Unapewa karata mbili za siri, kisha tano zinafunguliwa mezani kwa wote: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja. Katika hizo saba unachagua tano zilizo bora. Shangazi ndiye aliyetufundisha sote, na alitufundisha adabu ya mchezo kabla ya mbinu zake. Ukishajitoa, funga mdomo mpaka mgao uishe, wala usioneshe ulichotupa, maana wenzako bado wanakisia. Wote wakikukimbia, fungu, yaani chipu zote zilizowekwa katikati, ni lako na huna deni la kumwonyesha mtu chochote. Ila mtu akilipa dau lako la mwisho, yaani akiweka chipu sawa na zako, unafungua, na wewe uliyeweka ndiye wa kwanza. Kama raundi ya mwisho imepita bila dau, anaanza aliye upande wa kushoto wa mgawaji. Yote hayo niliyajua. Ningeulizwa ningeyataja bila kusita.

Shangazi ndiye aliyegawa mgao ule. Nikainua pembe za karata zangu: malkia wa uru na tisa ya shupaza. Si karata za kuringia, lakini mezani zikafunguka malkia wa kopa, tisa ya pau na saba ya shupaza. Jozi mbili palepale! Rafiki yangu wa kazini, aliyekaa kushotoni kwangu, alikuwa ameshajitoa. Kwa furaha nikazilaza kidogo upande wake ili azione. Akazitazama, akarudisha macho mezani. Halikuchukua hata sekunde mbili, na nikaamini hakuna aliyeona.

Nikaweka dau. Binamu akalipa, shemeji akalipa. Karata ya nne ikawa sita ya uru. Nikaweka tena, binamu akajitoa, shemeji akalipa bila hata kufikiri. Ya tano ilikuwa mbili ya kopa, karata ambayo haikumfaa mtu. Hapo nikagonga meza kupita, nikitaka nione atafanya nini. Katika fungu tayari kulikuwa na chipu 140. Shemeji akasukuma 60.

Shemeji hakuwa na mazoea ya kuzuga. Alikuwa ameanza kucheza nasi mwezi uleule, na kila alipoweka dau kubwa alikuwa na kitu. Nilifikiri muda mrefu, nikasema moyoni kwamba jozi mbili zenye malkia haziachwi hivihivi, nikalipa.

“Mfululizo,” akasema, huku uso umemng'aa. Viganja vyake bado vilikuwa juu ya karata zake.

Mfululizo ni karata tano zinazofuatana kwa thamani. Nikatazama mezani. Sita, saba, tisa. Akiwa na nane na kumi, au nane na tano, basi ni kweli, na mfululizo unaishinda jozi mbili. Sikutaka mtu aone kwamba nimelipa 60 kwa karata za kushindwa. Nikasema, “Hongera, shemeji,” nikazitupa zangu kifudifudi. Ziliteleza zikaingia kwenye rundo la zilizokwisha kutupwa, na shangazi, kama ilivyo kazi ya mgawaji, akalisogeza rundo lote kwa kiganja na kulikusanya.

Ndipo shemeji akafungua. Nane ya kopa na jeki ya pau.

Nilizihesabu mara mbili. Sita, saba, nane, tisa, kisha jeki, malkia. Karata sita zimepangana vizuri, na katikati yake hakuna kumi. Jicho linaruka pengo lile kwa urahisi usioaminika, hasa jicho la mtu anayetamani mfululizo uwepo. Kwa kweli shemeji hakuwa na hata jozi. Jozi mbili zilizomshinda zilikuwa ndani ya rundo, mkononi mwa shangazi.

“Hakuna kumi,” binamu akasema taratibu.

Shemeji akainama juu ya meza, akahesabu kwa kidole, na ule mng'ao ukamtoka usoni. Mimi sikungoja. Nikasema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia kwamba nilikuwa na malkia na tisa, kwamba fungu ni langu, kwamba nilitupa kwa sababu nimeambiwa mfululizo. Shangazi akaniuliza nani anajua nilikuwa na nini. Rafiki yangu wa kazini, kwa wema tu, akajibu, “Ni kweli, nilimwona na malkia na tisa.”

Meza ikanyamaza.

“Ulimwonaje?” binamu akauliza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa bado mchezoni wakati nilipozionyesha zile karata. Alilipa dau langu kwa kukisia, akajitoa kwa kukisia, na kumbe pale mezani kulikuwa na mtu ambaye hakuwa na haja ya kukisia.

Shangazi akaliweka rundo chini. “Ukimwonyesha mmoja umetuonyesha wote,” akaniambia. “Aliyeona angekuwa bado anacheza, ningekuamuru uzifunue palepale. Kwa kuwa alishajitoa, deni lako lilikuwa kuzifungua mgao ukiisha. Sasa utazifungua zipi?”

Sikuwa na jibu. Shahidi wangu pekee alikuwa pia ushahidi wa kosa langu, na hata kosa lenyewe nisingeweza kulirekebisha, kwa sababu karata zilikuwa zimechanganyika na nyingine.

Kuhusu fungu, uamuzi wake ulikuja kwa utaratibu ambao hadi leo naona ulikuwa wa haki. Kwanza, karata ndizo zinazosema. Neno la mdomoni halifungi, si la shemeji wala langu, na kama zangu zingekuwa zimelala wazi mezani ningepewa fungu hata kama mimi mwenyewe ningekiri kushindwa. Pili, karata iliyotupwa kifudifudi ikaingia kwenye rundo imekufa. Ingekuwa imebaki pembeni, peke yake, inatambulikana bila shaka, angeweza kuirudisha. Tatu, na hapa alimgeukia shemeji akamtazama vizuri, mtu anayetaja uongo makusudi ili mwenzake atupe anastahili kunyang'anywa fungu.

“Wewe ulikosea au ulikusudia?”

“Nilikosea, shangazi. Naapa niliiona kumi.”

Alimwamini. Mimi pia nilimwamini, maana nilikuwa nimeuona uso wake alipokuwa akihesabu. Kwa hiyo karata zilizobaki hai mezani zilikuwa mbili tu, nane na jeki, na chipu 260 zikaenda kwake.

Kisha shangazi akanirudia mimi. “Ulilipa chipu 60 uone. Mbona hukuona?”

Swali hilo sijalisahau. Wengi wetu tunaichukulia ile hatua ya mwisho kama sherehe ya mshindi, kana kwamba kazi imekwisha na kilichobaki ni kutangaza. Lakini anayelipa dau la mwisho ananunua kitu. Ananunua haki ya kuziona zile karata mbili, zote mbili, hata kama ni moja tu inayotumika kushinda. Naye anayeshindwa ana haki yake ya kutupa za kwake bila kuzionyesha, haki ninayoipenda kwa sababu inamwachia mtu siri yake. Ila haki hiyo inaanza baada ya kuona. Mimi niliitumia kabla, kwa sababu ya aibu.

Shemeji hakufurahia ushindi ule hata kidogo. Akagawa chipu mafungu mawili akitaka kunipa nusu. Shangazi akamzuia: asipochukua, alisema, mgao ujao tutaanza kubembelezana badala ya kucheza. Akazichukua, lakini akazipanga pembeni, mbali na zake nyingine, na nilimwona akiziepuka kila alipoweka dau. Mimi nilimwomba radhi binamu. Aliikubali bila maneno mengi.

Mchezo uliendelea kwa utulivu usio wa kawaida. Binamu, ambaye hupenda kuomba kuona karata za aliyeshindwa, hakuomba hata mara moja. Kanuni nyingi zinamruhusu, kwa kuwa haki hiyo iliwekwa ili kuwanasa wawili wanaocheza kwa kula njama, lakini kati ya ndugu ukiitumia kila mara unakuwa kama unampekua mtu mfukoni. Rafiki yangu naye alisogeza kiti chake nyuma kidogo, mbali na mkono wangu.

Karibu na mwisho tukakutana tena, mimi na shemeji, wengine wote wamejitoa. Nilikuwa na tano mbili mkononi, na mezani palikuwa na mfalme, kumi, tano, nne na nyingine ndogo ambayo haikubadilisha kitu. Nikaweka chipu 40. Alizitazama zile alizozitenga pembeni, akahesabu 40 kutoka humo kwa mara ya kwanza, akalipa.

Nikafungua mdomo niseme nilichonacho.

“Shemeji, usiseme,” akaniambia kwa upole. “Fungua tu.”

Nikazigeuza zote mbili kwa pamoja, nikazilaza katikati pa meza, nikaondoa mikono. Hakuharakisha. Alianzia kwenye karata ya kwanza ya mezani, akaigusa kwa kidole, kisha ya pili, ya tatu, mpaka ya tano, halafu akaja kwenye zangu, akagusa moja, akagusa nyingine. Alipomaliza akanisukumia chipu.